Kamba ya Kongwa

Vilishuka Gulwe usiku, vifaru sita,
vimefunikwa maturubai kama maiti wa majitu,
pamoja na kitabu kimoja cha maelekezo
ambacho Luteni alikishika kichwa chini miguu juu
akatikisa kichwa, akakifunga.

Dizeli ilikuwa ya kupimwa kwa kopo.
Makombora: matatu kwa kila watu wanne.
Nami nimepewa wiki saba.
Basi nikachukua kamba ya katani, nikaifunga duara,
nikawaingiza ndani:
Chedego mbele, dereva,
Mghenyi wa mzinga, Ndahani wa kupakia,
Koplo Kapinga nyuma, kamanda.
"Hiki ndicho kifaru chenu. Kiwasheni."
Wakakiwasha kwa midomo.

Desemba nzima tulizunguka uwanda ule,
vifaru sita vya kamba vikinguruma kwa koo kavu.
Watoto wa mbuzi walituketia juu ya kichuguu:
"Watu wazima wanacheza gari moshi!"
Nikipaza, "Adui, saa tatu!"
nusu hugeuka kulia, nusu kushoto,
maana wapo wanaosoma namba
na wapo wanaosoma mshale.
Tukaiacha saa.
Tukasema: mkono wa ugali. Mkono mwingine.
Hapo hakuna aliyepotea tena.

Chedego ni mtoto wa udongo huu.
Baba yake aliendesha trekta la Wazungu wa karanga,
lile lililochongwa kutoka kifaru cha vita ya Hitla,
likavunja majembe hapa hapa
na karanga zisiote.
"Afande," akaniambia,
"ukikauka ni saruji, ukilowa ni uji.
Gia ya pili. Usibadilishe katikati ya tope,
hata ukitukanwa."
Nikaiandika kwenye jalada la kile kitabu,
sentensi pekee tuliyoweza kuisoma.

Siku ya chuma chenyewe
joto ndani lilikuwa la tanuri la matofali.
Kifaru mnyama haoni mbali, babu zetu walijua,
ila hunusa.
Chetu hakioni, na wala hakinusi:
ufa mwembamba wa kioo, vumbi, jasho machoni,
na sauti ya Kapinga sikioni, mkono wa ugali, mkono wa ugali,
tukapita juu ya uwele wa Mama Nyemo,
mistari kumi na mmoja.

Alikuja saa sita, peku.
"Mbukwenyi," akasalimia, kwanza salamu.
Kisha akaweka mche mmoja juu ya bamba la mbele,
na udongo wake.
Hakulia. Hakutukana.
"Hesabuni," akasema,
akaenda kukaa kivulini mwa mzinga.
Luteni alitafuta fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya ng'ombe,
ya nyumba, ya mtu.

Jioni niliwaona wanne wale shambani,
majembe ya kuazima,
Chedego mbele, Kapinga nyuma,
wamepangana vile vile
bila kamba.
Mvua ikanyesha usiku. Sikuuliza.

Februari treni iliwachukua kuelekea magharibi.
Mwalimu hubaki, ndiyo kazi yake.
Mama Nyemo alileta kibuyu cha maziwa, akachelewa,
akanikabidhi mimi, nikanywa
kitu kisichokuwa changu.

Mwezi uliofuata Luteni alipokea simu ya maandishi.
Aliisoma mara moja tu.
Safari hii aliishika sawasawa.

Kundi la pili lina vijana wa juzi,
mmoja bado ana wino wa shule vidoleni.
Nikatoa kamba.
Sehemu nne zimekuwa nyeusi, laini,
kwa mafuta na viganja.
Yule wa wino akashika ya mbele, akaigusagusa,
akauliza, "Afande, hapa alikuwa anashika nani?"

"Washa," nikamwambia.